Ofisa wangu anayeongoza kwa wateja amekuwa akipitisha akiba za wazazi kwenye simu yake. Nianzie wapi?

Meneja Mgeni
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Huu ni mwezi wa nne tangu nikabidhiwe usimamizi wa kampuni ndogo hapa Moshi inayowasaidia wazazi kuweka akiba ya kuwasomesha watoto chuo. Fedha hazikai kwetu: mzazi hufunguliwa akaunti yake benki, nasi humpangia kiasi, humkumbusha na kumfuatilia. Maofisa wetu watatu wa nyanjani hulipwa mshahara mdogo pamoja na kamisheni kwa kila akaunti mpya.

Wiki iliyopita alikuja ofisini mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, akafungua fundo la kanga, akatoa daftari lililofunikwa kwa gazeti. Humo ameandika 5,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, na chini yake 35,000. Taarifa ya benki ilionyesha 30,000. Kumbe alikuwa akimtumia ofisa wetu kwa simu, naye ndiye aliyekuwa akipeleka benki mwisho wa wiki. Ofisa hakukana; alisema zilizopungua ni makato na nauli, ingawa hata ukijumlisha bajaji ya kwenda na kurudi hesabu hiyo haifiki.

Huyu ndiye anayeongoza kwa akaunti mpya, na wazazi wa Pasua na Kiboriloni wanamfahamu yeye kuliko wanavyoifahamu kampuni. Nikimfukuza, nahofia ataondoka nao. Nikimwacha, nitakuwa nimebariki wizi.

Mkaguzi Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Usimfukuze leo, kwa sababu mkononi una daftari moja tu. Mpe likizo yake ya mwaka, kisha watume wengine wawapitie wateja wake wote na kulinganisha daftari na taarifa ya benki mstari kwa mstari, mzazi mwenyewe akiwepo. Nilipokuwa nikikagua vyama vya msingi vya kahawa, karani aliyekataa kwenda likizo ndiye niliyeanza naye. Ukishapata jumla, mwandikie barua ya tuhuma na umpe nafasi ya kujitetea. Ukiruka hatua hiyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 itakugeukia, na mwenye kosa atalipwa fidia na wewe.

Yule mama arudishiwe 5,000 zake kesho asubuhi. Asisubiri uchunguzi.

Mkazi wa Soweto
Suala la ofisa, mzee amelimaliza. Mimi naiona kamisheni: unamlipa mtu kwa kufungua akaunti, sasa kwa nini ajali kinachoingia ndani yake? Mpe sehemu ndogo anapofungua, na iliyobaki akaunti ikifikisha miezi sita na miezi kumi na miwili, iwapo mzazi bado anaweka. Halafu msimpangie kila mzazi mwendo mmoja. Wa Mbuyuni anashika fedha kila siku, wakati mkulima wa Kibosho anazipata akishauza kahawa. Mkimdai huyo mwezi Aprili, mnamfundisha kutopokea simu zenu.

Kimya Kingi
Dada, hatari iliyo kubwa zaidi haijaguswa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni haipokei amana za umma bila leseni ya Benki Kuu. Ofisa akikaa na fedha za mzazi siku sita, atakayeulizwa ni kampuni. Watumieni wazazi wote ujumbe leo hii kwamba fedha ziingie kwenye akaunti zao tu, kamwe si kwenye namba ya mtumishi.

Meneja Mgeni
Nawashukuru sana. Mama amerudishiwa fedha zake, na ujumbe umetumwa saa sita mchana. Kufikia saa kumi, wazazi kumi na mmoja walikuwa wamepiga simu wakiuliza kuhusu fedha ambazo tayari wamezituma kwa namba za maofisa. Wanne kati yao si wateja wa ofisa niliyemtaja.

Mkaguzi Mstaafu
Basi likizo ni ya wote watatu, kwa zamu.