Amri za mji za wakati wa Wabelgiji: tuzirudishe Lubumbashi, ao tuziache?

Mwanzisha mjadala, Katuba

Ndugu zangu, kila mwaka mvua zikianza wimbo ni ule ule. Mifereji imejaa plastiki, maji yanaingia ndani ya parsela, viwanja vya nyumba zetu, kipindupindu kinapiga hodi, halafu mtu anasema: wakati wa Wabelgiji haya hayakuwepo, kulikuwa amri na amri ilifuatwa. Zamani walisema hivyo wazee. Siku hizi vijana wasiomjua hata Mobutu wanaandika kwamba ukaguzi wa nyumba kwa nyumba urudi, faini ya papo hapo irudi, na asiye na kazi arudishwe kijijini kwao. Naliweka swali hili mbele yenu. Msimamo wangu mimi ni hapana.

Wengi wanazisifu amri zile bila kujua zilisema nini. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville, na mapema kabisa ukagawanywa: huku mji wa Wazungu, kule sité ya Waafrika, katikati eneo tupu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulijenga. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya, eti mbu aliyemuuma Mwafrika asiweze kuruka umbali ule hadi kitandani kwa Mzungu. Usiku Mwafrika hakutembea upande wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Divai na pombe kali hakuuziwa hadi mwaka 1955. Kutoka kijijini kwa muda mrefu kulihitaji pasipoti ya kuhama iliyosainiwa na utawala, na kukaa mjini kulihitaji ruhusa nyingine. Mke wa pili alilipiwa kodi ya ziada, na tangu mwaka 1951 mwenye wake wawili hakuweza tena kuja kuanza maisha mjini nao. Fimbo ilikuwa adhabu ya kisheria: mwaka 1951 sheria ilikuwa bado inaruhusu viboko vinne, na ilifutwa mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru.

Nyumbani kwetu tumehifadhi kitabu cha utambulisho cha babu. Ukurasa wa kwanza una alama ya kidole gumba, jina la kijiji na jina la chifu wake. Zinazofuata ni mihuri ya kodi, mwaka baada ya mwaka. Kuna ukurasa ambao kati ya mihuri miwili pameandikwa kwa wino wa zambarau tarehe aliyoachishwa kazi, na chini yake sahihi ya Mzungu aliyemwachisha. Kutoka siku ile babu alikuwa mtu wa kutafutwa, kwa sababu asiye na kazi hakuwa na haki ya kubaki mjini. Alikuwa na mke na watoto kwenye nyumba ambayo aliipata kwa kazi hiyo hiyo. Hakuna neno moja katika kitabu kile linalosema mtu aliyenyimwa mhuri aende wapi akalalamike.

Sasa mtu akiniambia mji ulikuwa safi kwa sababu ya amri, namuuliza: upande gani wa mji? Usafi wa mji wa Wazungu ulitokana na mabomba, mifereji iliyojengwa kwa saruji, mikokoteni ya takataka na wafanyakazi waliolipwa kuipitisha. Upande wetu tulipata bomba la pamoja, na makatazo tele. Tukirudisha leo amri na faini bila mabomba na mikokoteni, tutakuwa tumechagua ile nusu iliyotuumiza.

Mzee, komini ya Kenya

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho na kuhusu kitabu sina ubishi. Baba yangu alikitia mfukoni hata akienda dukani hapa karibu. Ila usizungumze kana kwamba sisi tulioishi wakati ule tumesahau mateso. Hatujasahau, na tena kuna jambo tuliloliona ambalo ninyi hamkuliona.

Mkaguzi wa usafi alikuja asubuhi. Alisalimu mlangoni, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Aliinamisha pipa la maji upande wa jua, akachungulia. Akiona viluwiluwi vya mbu, aliyamwaga maji yote chini, mama yangu, ambaye ndiye aliyeyachota, akiwa amesimama pale, kisha akaandika namba ya nyumba. Kopo la nyanya lililoshika maji ya mvua lilikuwa kosa. Choo bila kifuniko, kosa. Mama alimchukia mtu yule. Lakini jioni sisi watoto tulizunguka parsela nzima kugeuza makopo, na nyumba yetu haikuwa na mbu. Walikuja pia kupulizia dawa ukutani, DDT. Mimi sikuugua malaria kama wanavyougua wajukuu wangu leo kwenye parsela ile ile.

Leo jirani anangoja mvua kubwa ya usiku, anafungua gunia, anamwaga takataka zote ndani ya mfereji ili maji yazipeleke kwa watu wa chini. Ukimsemesha anakujibu kwamba Mubelgiji aliondoka. Huyo umfanyeje? Umfundishe historia? Tangu lini mtu amekatazwa kumpa chandarua mtoto kwa sababu chandarua kililetwa na mkoloni?

Nataka ukaguzi urudi, na faini. Kitabu, fimbo na kufukuza watu kijijini, vyote hivyo hapana.

Mama mfanyabiashara, Ruashi

Mzee wetu, nakuheshimu, na nimeona picha ya mama yako akisimama pale pembeni. Hapo ndipo mimi nimekwama. Mbona amri hizi kila mara zinaanza na pipa la mwanamke?

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, wazazi wa mama yangu walikuwa Waswahili wa Buyenzi, Usumbura, inayoitwa leo Bujumbura. Katika miji iliyokuwa chini ya Wabelgiji kulikuwa na kodi ya wanawake wanaoishi peke yao. Mjane alilipa. Aliyeachwa alilipa. Mwanamke asiye na mume kwenye karatasi alihesabiwa kuwa ni malaya hadi athibitishe vinginevyo, na karani ndiye aliyeamua. Wanawake wa Buyenzi, Waislamu wenye heshima zao, waliikataa kodi ile miaka ya 1950 na kuipinga hadharani, kwa sababu kuilipa kulikuwa sawa na kukubali jina baya. Hadithi hii tumeisikia kwa bibi zetu, na hata leo ikisimuliwa sauti inabadilika. Nayo ilikuwa amri ya mji kama ile ya makopo, iliyobandikwa ubaoni pamoja na nyingine, kwa maneno yale yale ya utaratibu na afya.

Leo niko sokoni. Asubuhi anapita mtu wa kwanza na karatasi yake, halafu wa pili, halafu wa tatu anayesema wale wawili hawamhusu. Wote wanasema ni kodi, na wapo wasiotoa risiti. Kwa hiyo nikisikia "faini ya papo hapo" ninajua itaanzia wapi: kwenye meza yangu ya nyanya. Jirani wa gunia analala usiku na hakuna atakayemkamata.

Kijana, Kampemba

Mbona hamtaji salongo? Kazi za lazima za Mobutu zilikuwa ni amri ile ile kwa jina jipya. Wakubwa walituma vijana wao, sisi tukashika majembe. Sina zaidi.

Mwalimu, Kadutu, Bukavu

Ninyi wa Lubumbashi mna ardhi tambarare, mvua inawajazia mfereji. Hapa kwetu mvua inashusha mlima pamoja na nyumba na waliolala ndani. Watu wamejenga kwenye miteremko ambapo hapana mtaro hata mmoja, na kila msimu tunazika. Mtu akiniambia amri ya kukataza ujenzi ni ukoloni, namwalika aje kusimama nasi makaburini.

Hata hivyo mfano wetu wa Kivu unampa nguvu mwanzisha mada. Wabelgiji walilazimisha watu kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwenye milima. Ilikuwa kazi nzuri, ukiitazama kwa macho ya udongo. Ila ilikuwa ndani ya kazi za lazima, zile ambazo agizo la mwaka 1933 liliziruhusu hadi siku 60 kwa mwaka na ambazo wakati wa vita, mwaka 1942, zilipandishwa hadi 120. Mkulima aliacha shamba lake kwenda kuchimba, asipokwenda aliona gereza. Uhuru ulipokuja, sehemu nyingi watu waliiacha mitaro ile ijifukie, wengine wakalima juu yake kwa furaha. Mtaro uliookoa udongo ulikufa kwa sababu ya namna ulivyozaliwa. Mimi nafundisha watoto ambao babu zao walifukia mitaro, nao leo wanaishi chini ya mteremko ule ule.

Nipeni amri kali ya ujenzi, lakini mniambie kwanza watu hawa watajenga wapi.

Mwanzisha mjadala, Katuba

Mzee, umenigusa kwa wajukuu, na sitaki kukujibu kama mtu anayetafuta kushinda. Naomba tu tutazame jambo moja ambalo nadhani ndilo linalotutenganisha. Umesema mkaguzi alikuja, akaona, akaandika. Je, baba yako angeweza kumjibu? Angeweza kwenda mbele ya mtu na kusema mkaguzi huyu amekosea, pipa lile si langu?

Mji wetu una jibu la swali hilo, tena liko karibu na ulipo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma kuomba mshahara unaolingana na bei za vita. Waliitwa kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari wakapiga risasi, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao akawa kati ya waliouawa. Watu waliojifunza hivyo kwamba kuuliza ni hatari waligeuza makopo, ndiyo, na waliyageuza kwa woga. Hapa mara ya kwanza watu wetu kupiga kura ya kuchagua madiwani wa komini ni Desemba 1957. Amri zote za kabla ya hapo, nzuri na mbaya, hakuna baba wala mama wa komini za Kenya ao Kamalondo aliyeulizwa.

Na hata waliojitahidi kufuata kila kitu hawakufunguliwa mlango. Waliotaka kuhesabiwa sawa na Mzungu mbele ya sheria kwa utaratibu wa mwaka 1952 walitembelewa nyumbani: wakaguzi wakatazama choo, jiko, kama familia inakula kwa uma, mke anazungumzaje. Hadi karibu na uhuru waliokubaliwa nchi nzima walikuwa mia mbili na kitu. Ukaguzi ulikuwepo, usafi ulikuwepo, na bado jibu likawa hapana kwa karibu wote.

Kwa kijana wa Kampemba na kwa wengine wanaodhani tunazungumza mambo ya makumbusho: kanuni yetu ya adhabu hadi leo msingi wake ni agizo la tarehe 30 Januari 1940. Limerekebishwa mara nyingi, lakini tunahukumiwa kwalo. Wabelgiji hatuna haja ya kuwarudisha, karatasi zao hazijaondoka.

Basi niseme ninachoweza kukubali. Amri ya usafi, ndiyo, ikiandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa komini, ikiwa na jina na cheo cha aliyeisaini, na mahali pa kumpata siku za kazi. Faini isilipwe mkononi kamwe, ilipwe ofisini kwa risiti, na kila miezi michache wakazi waambiwe imeingia kiasi gani na imefanya nini. Na faini ya takataka isianze kwenye avenyu yoyote ambayo gari la takataka halijawahi kupita. Nikimtoza mama wa Ruashi kwa gunia ambalo sikumwonyesha pa kulipeleka, nimekuwa karani wa zamani.

Mzee, komini ya Kenya

Hapana, baba yangu asingeweza kujibu. Hilo nimelikubali, na la mwaka 1941 wazee wetu walikuwa wakilisema kwa sauti ya chini.

Masharti yako yote nayapokea, ila la gari. Tukingoja gari, tutangoja, na Novemba haitungoji. Kwenye avenyu yetu naweza kukusanya watu tuanze na mapipa na makopo peke yake, bila faini yoyote. Mkaguzi atoke kati yetu, mtu mwenye parsela yake, ambaye tunaweza kumgombeza kanisani ao msikitini akizidisha. Katuba mkifanya hivyo upande wenu, tutalinganisha mwishoni mwa mvua.

Mama mfanyabiashara, Ruashi

Ruashi pia tuingizeni. Sharti langu ni kwamba wakaguzi wawe wawili na mmoja awe mama, na kwenye nyumba ya mwanamke anayeishi peke yake mwanaume asivuke lango kabla ya kukaribishwa. Na maji akiyamwaga, ayachote mengine yeye mwenyewe.