Naomba ushauri: kranki ya Alfa Romeo 8C, vipande viwili au moja nzima?

Wakuu, salaam. Natengeneza modeli ya injini ya gari la Alfa Romeo 8C 2900B, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1930, izungushwe kwa mkono na mambo ya ndani yaonekane. Bodi sina mpango nayo, ingawa zile za Touring, watengenezaji bodi wa Milano, mirija myembamba ya chuma iliyovikwa bati la alumini, ni nzuri mno.

Kinachonisumbua ni kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Mhandisi wake, Vittorio Jano, alipanga silinda 8 kwenye mstari mmoja, ila akazigawa bloku mbili za nne nne. Kranki nayo ni vipande viwili, na katikati kuna gia zinazopanda kuzungusha kamshafti mbili za juu, zile shafti zinazofungua vali. Injini nyingi huweka gia hizo mbele. Mantiki naiona: kranki ndefu hujisokota ikibeba nguvu, na hii ilikuwa na supachaja mbili (pampu za kusukuma hewa ndani ya injini) na nguvu farasi kama 180, si mzaha.

Sasa modeli yangu haibebi mzigo. Nihangaike kuunganisha vipande viwili vikae kwenye mstari, au nichonge kranki moja, halafu gia niipasue nusu mbili niibane juu yake? Mimi navutwa na vipande viwili, la sivyo itakuwa injini nyingine kabisa. Nina mashine ndogo tu ya kukereza. Mliowahi kukereza shaba au alumini, mnashauri ipi? Na gia ndogo hivyo mnazitoa wapi, kwenye printa zilizokufa?