Sindano ya mgongo: nichome au niache?

Muuza mawese, Mwandiga
Wakubwa, shikamooni. Mgongo umenishika tangu masika. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka tako la kushoto hadi kidole gumba cha mguu. Madumu ya lita 20 wanapakia vijana, mimi nasimama pembeni kama mwenyekiti wa kijiji. Kituo kimoja binafsi wamenishauri nichomwe sindano ya mgongo, eti napona siku hiyo hiyo. Mama mkwe kasikia, anasema nitapooza. Sukari ninayo, nameza vidonge.

Nesi mstaafu, Tabora
Marahaba mwanangu. Mama mkwe hajakosea sana, ila kupooza ni nadra. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kwamba steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe ndizo za sindano hiyo, zikichomwa karibu na uti wa mgongo zinaweza, mara chache sana, kuleta upofu, kiharusi, kupooza, hata kifo. Steroidi yenye chembechembe ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuuziba. Na mwaka 2012, huko huko Marekani, dawa ya sindano hizi iliingia fangasi ilikotengenezwa, ikaua watu zaidi ya 60.

Kilichoniudhi ni hilo "unapona". Steroidi inatuliza uvimbe kwenye mshipa wa fahamu kwa wiki kadhaa, ukibahatika miezi. Diski iliyochomoza, kile kipande laini kati ya pingili za mgongo, hairudishi. Na sukari yako itapanda kwa siku kadhaa. Waulize kama wana eksirei ya kuongozea sindano.

Fundi seremala, Urambo
Mimi nilichomwa Dar. Mguu ulitulia, ila kichwa kiliuma balaa nikikaa, nikilala kinaacha.

Nesi mstaafu, Tabora
Hapo utando unaofunika uti wa mgongo ulitobolewa, maji ya uti yakavuja. Hutokea.

Muuza mawese, Mwandiga
Nimewapigia. Eksirei hawana. Dada wa mapokezi anasema daktari ana mkono mzuri.

Nesi mstaafu, Tabora
Mkono mzuri ni wa kukanda chapati! Usichome hapo. Nenda Maweni, hospitali ya mkoa pale Kigoma, wakuangalie kwanza kama si TB ya mgongo, maana steroidi inaiamsha. Una homa za jioni? Umekonda? Na mguu ukilegea, mkojo ukigoma au ukapata ganzi sehemu za siri, usingoje kuche.

Muuza mawese, Mwandiga
Homa sina. Kukonda ndiyo kabisa, suruali zote zinabana. Jumatatu naenda Maweni, mama mkwe kasema ananisindikiza, na maswali yote atauliza yeye.