Naomba ushauri: Nichukue somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta ilhali nilisoma HGE?

Mwana_HGE ameandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu.

Nimeanza mwaka wa kwanza wa shahada ya uchumi. Kidato cha sita nilisoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), hivyo hisabati niliyonayo ni ile ya BAM tu, yaani Basic Applied Mathematics. Muhula huu tunatakiwa kuongeza somo moja la hiari kutoka idara nyingine, nami navutiwa na utangulizi wa sayansi ya kompyuta, ambao kwa mujibu wa muhtasari tuliopewa unaanza na mfumo wa binari (kuandika namba kwa 0 na 1 tu) na mantiki, unapita kwenye algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, kisha unamalizia na uandishi wa programu kwa lugha ya Python. Kinachonitia hofu ni maneno ya waliotutangulia, wanaosema kwamba somo hilo hukamata watu wengi na kwamba wanaopita kwa raha ni wale wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Isitoshe, sina kompyuta. Nina simu ya Android, na maabara ya chuo hufungwa jioni. Word na Excel nazitumia vizuri. Je, hayo yanatosha kuanzia, au nitafute somo jepesi zaidi?

Mzee wa Takwimu amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nimewahi kuwa msaidizi wa maabara katika somo la aina hiyo, kwa hiyo nianze na hofu ya hisabati, maana ndiyo inayowakimbiza wengi bila sababu. Hisabati ya utangulizi ni ya kujumlisha, kugawanya na kupata baki, pamoja na vipeo vya 2. Ukitaka kuandika 13 kwa binari, unajiuliza ni vipeo gani vya 2 vinavyoikamilisha: 8 ipo, 4 ipo, 2 haipo, 1 ipo, basi unaweka 1 kwa iliyopo na 0 kwa isiyopo, unapata 1101. BAM imeshakuvusha hapo. Kinachodaiwa zaidi ni uvumilivu wa kufuata hatua moja baada ya nyingine bila kuruka, na huo haukugawiwa watu wa PCM peke yao.

Chukua algorithimu ambayo hutaikosa darasani. Una orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti, na unatafuta jina moja. Ukianza juu na kushuka jina kwa jina, huenda ukalazimika kuyapitia yote. Lakini ukienda katikati, ukaangalia kama jina lako liko kabla au baada ya hapo, ukaitupa nusu isiyohusika na kurudia vivyo hivyo kwenye nusu iliyobaki, hutazidi hatua 20, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576. Mwalimu hataridhika na hiyo 20 pekee. Atakuuliza kwa nini mbinu hiyo haifai kitu iwapo orodha haijapangwa, na kama inalipa kuipanga kwanza ikiwa unatafuta jina moja tu. Hilo ni swali la gharama na faida, na sioni kwa nini mwanafunzi wa uchumi aliogope.

Word haitakusaidia. Excel itakusaidia kidogo, ikiwa umewahi kuandika fomula yenye IF.

Binti wa Pangani amejibu:

Nakubaliana na mzee kuhusu hisabati, lakini suala la muda hajaligusa. Somo hili lina vipindi vya maabara na kazi za kila wiki, na kila mada inakaa juu ya iliyotangulia: asiyeelewa sharti (kama hivi, fanya vile) hataelewa kitanzi (kurudia hatua zilezile), na asiyeelewa kitanzi atakaa mbele ya fanksheni (kipande cha programu chenye jina lake) kama mgeni. Katika historia unaweza kukosa wiki mbili ukazifidia kwa kusoma usiku. Hapa wiki mbili zikikupita, ya tatu huifuati kabisa. Niliowaona wakirudia mtihani wengi wao walikuwa na uwezo, ila walilimbikiza kazi. Kama muhula huu una kalkulasi pia, ushauri wangu ni kulisogeza mbele hadi mwaka wa pili.

Fundi Msimbo amejibu:

Dada, simu isikuzuie. Kuna programu ya Android iitwayo Pydroid 3 ambayo, ukishaipakua, inaendesha Python bila bando. Kuandika kwenye kioo kidogo kunachosha, lakini mazoezi ya mwanzo ni ya mistari mitano au kumi. Mihadhara ya CS50, somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta la Harvard, inayofundishwa na David Malan, nayo inapatikana bure mtandaoni. Usiifuate yote, kwa kuwa inapitia lugha ya C kabla ya kufika kwenye Python. Tazama wa kwanza na ule wa algorithimu.

Kabla hujajisajili, jaribu hili: andika programu inayomwomba mtumiaji namba mbili kwa kutumia input, amri ya Python inayopokea anachoandika mtumiaji, kisha ionyeshe jumla yake.

Mwana_HGE ameandika:

Nawashukuru sana. Nimejaribu. Nimeingiza 5 na 3, simu ikanijibu 53. Nimerudia kwa 10 na 20, ikanijibu 1020.

Fundi Msimbo amejibu:

Ndivyo nilivyotarajia. Chochote kinachoingia kupitia input, Python inakichukua kuwa maandishi, hata kama ni tarakimu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi mawili inayaunganisha. Zungushia kila input kwa int( ), inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, uone 53 ikigeuka 8. Kisha chukua daftari, chora jedwali lenye safu moja kwa kila jina ulilolitumia kwenye programu, na uandike thamani yake baada ya kila mstari. Zoezi hilo la daftari lifanye kila siku, kwa sababu katika mtihani wa karatasi utapewa programu na kuulizwa itatoa nini, bila mashine ya kukujibia.

Ukipata nafasi, iambie pia ijumlishe 0.1 na 0.2. Jibu ni 0.30000000000000004, na ukishasoma namna binari inavyohifadhi desimali utaelewa kwa nini wanaoandika programu za fedha hawahifadhi senti kwa njia hiyo.

Mwana_HGE ameandika:

Imetoa 8. Kalkulasi kwetu iko muhula wa pili, dada Binti wa Pangani.

Binti wa Pangani amejibu:

Basi pingamizi langu naliondoa. Jisajili mapema ili upate kundi la maabara la asubuhi. Wa kundi la mwisho ndio wanaofungiwa mlango kazi ikiwa haijaisha, na wewe huna kompyuta ya kuimalizia chumbani.