"Maji yatazoea": yule fundi wa bafu kanidhalilisha mbele ya mama mkwe

Bibie wa Chuno

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Ndiyo kwanza kaondoka, vumbi la pikipiki yake halijatua.

Simtaji. Hakuna haja. Fundi gani mwingine Mtwara hii anavaa kofia ya sufu saa nane mchana? Kijiwe chake Vigaeni, kila mtaa kaacha kilio. Kama hajakuharibia wewe, kamharibia shangazi yako.

Basi leo kanikabidhi bafu. Vigae vinang'aa, nami nimesimama mlangoni nimejishika kiuno, najiona mke wa waziri. Nikamwaga ndoo moja ya maji kujaribu. Maji yakatulia pale katikati kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba, halafu yakalipa kisogo tundu lao kule kona, yakapita mlangoni, yakashika ukumbi, yakaingia sebuleni bila hodi.

Na sebuleni kakaa mama mkwe. Katoka Tandahimba kuja kuliona hilo hilo bafu, maana mwanawe kamsimulia kwenye simu hela ya korosho ilikoishia. Kapandisha miguu yote miwili kwenye kochi, kanga kaikusanya mkononi, macho kwangu. Siyo kwa fundi. Kwangu mimi!

Nikamgeukia fundi. Hapa msome polepole. Mwanaume mzima, ndevu zimeanza mvi, hela yangu imo mfukoni mwake, akayatazama yale maji, akapangusa mwiko wake kwa tambara, akaniambia: "Mama, usiwe na presha. Bafu bado geni hili. Maji yatazoea."

Yatazoea!

Yatazoea nini? Njia? Niyapeleke tuisheni? Niwe napita nyuma yake nayaelekeza, jamani maji, tundu lile kule, kateni kushoto?

Nilikuwa na daftari mimi. Laki tisa, kila kitu kimeandikwa: choo cha kukaa, sinki dogo la kona, shawa, vigae, gundi, grauti, bomba, posho ya saidia fundi. Mstari wa kwanza kabisa: kubomoa sakafu ya zamani. Akalisoma daftari langu akicheka-cheka, akasema kubomoa ni kuchezea hela, tunabandika vipya juu ya vile vya zamani, unaokoa laki na nusu. Akapandisha sakafu mpaka bafu likawa juu kuliko ukumbi. Mlango ukagoma kufunguka, akaukata chini kwa msumeno, na mkono wake haujui kiasi. Asubuhi hii kuku wa jirani kaingia, kanywa maji, katoka bila kuinama. Simenti akanihesabia na nauli ya kutoka Dar. Dar! Simenti inayopikwa hapa hapa Mtwara, malori yake ndiyo yanatuamsha alfajiri. Vigae akaniandikia maboksi 22. Nikalipa.

Yote hayo ningesamehe. Lakini maji yanamfuata mama mkwe kwenye kochi, mtu ananiambia yatazoea? Mbele yake? Mama mkwe naye, ambaye tangu afike alikuwa hajasema la maana zaidi ya kuuliza chumvi iko wapi, ndipo akafungua mdomo: "Kwetu bafu ni la makuti, lakini maji yake yana akili."

Uzi tayari. Niambieni nimfanye nini huyu mtu.

Ming'oko Mibichi

Naweka kambi hapa. Mama mkwe apewe uenyekiti wa jukwaa.

Kangomba Mstaafu

Bila picha hii ni chai. Maji yaache tundu yaende sebuleni, yanafuata taarifa ya habari?

Bibie wa Chuno

Picha nipige saa ngapi nimeshika dekio? Njoo mwenyewe, uje na boya.

Wa Newala Juu

Dada mshukuru Mungu. Sisi tumekulia kule juu, maji ya kununua kwa ndoo, bibi zetu walikuwa wanateremka bondeni usiku kuyatafuta. Wewe yanakufuata mpaka kwenye kochi halafu unalia?

Mjomba Pimamaji

Nimestaafu kazi hii, mgongo umekataa, lakini siwezi kunyamaza. Sakafu ya bafu unaipa mteremko wa sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, kuelekea tunduni. Unafunga uzi kutoka mlangoni hadi tunduni, unaweka pimamaji, ukiridhika ndipo unabandika. Na sakafu ya bafu inakaa chini ya ukumbi, haikai juu. Hebu niambie mwanangu, chini mmeweka kigae cha ukubwa gani?

Bibie wa Chuno

60 kwa 60, vya kung'aa.

Mjomba Pimamaji

Basi. Kigae kipana kwenye kijibafu, tundu likiwa kona, hakiwezi kuinamia pande mbili mpaka ukikate. Chini unaweka 30 kwa 30, tena vyenye mikwaruzo visivyoteleza. Kwa vigae hivyo vya kung'aa mama mkwe atavunjika nyonga kabla hajazama.

Bibie wa Chuno

Mjomba, kanichagulia yeye! Mimi nilitaka vidogo, akasema vidogo ni vya machinjioni. Na bado hakuna aliyenijibu. Mtu anakuambia YATAZOEA, unamjibu nini?

Ming'oko Mibichi

Mjibu "sawa". Ukimaliza mwambie hela ya mwisho nayo iko njiani, bado haijaizoea njia.

Bibie wa Chuno

Nilishammalizia yote.

Kangomba Mstaafu

Hahahaha! Kammalizia! Kabla ya kumwaga maji! Jamani hapa asilaumiwe fundi, fundi kaokota. Nauza shamba la mikorosho katikati ya bahari dada, lipia leo, ukaguzi kesho.

Mhasibu wa Chikongola

Acheni kelele. Bibie, bafu lina ukubwa gani?

Bibie wa Chuno

Mita 2 kwa 1.8. Ukutani vigae vimepanda mita 2. Boksi ni zile za kawaida, za mita za mraba 1.44.

Mhasibu wa Chikongola

Nimeshika kalamu. Chini ni mita za mraba 3.6. Kuta, mzunguko mita 7.6 mara 2 ni 15.2, toa mlango wa sentimita 70, inabaki 13.8. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: kuta maboksi 11, chini maboksi 3. Jumla 14. Wewe umelipia 22. Hayo manane yanaogea wapi?

Bibie wa Chuno

Mungu wangu.

Dada wa Mitwero

Ninyi wa Mtwara mnalialia maji. Mimi huku Lindi fundi kanifungia choo cha kukaa karibu na mlango mpaka magoti hayana pa kwenda. Ukitaka kukaa, mlango lazima uwe wazi. Natazamana na jirani anachambua mchicha. Siku nisipoenda anatuma mtoto kuniulizia hali.

Ming'oko Mibichi

Umeona Bibie? Lindi wameshazoea.

Kijana wa Rahaleo

Na wenye bafu la kwao mnyamaze kabisa. Mimi mpangaji. Nyumba nzima bafu moja, foleni inaanza adhana ya alfajiri. Mwenye nyumba kafunga shawa mpya, akaizungushia mnyororo na kufuli, anasema hiyo ni ya wageni. Sisi kopo. Mwaka jana kaja mgeni, naye kapewa kopo.

Fundi Mnyonge

Leo mmewaamulia mafundi, haya. Na wateja je? Mteja anakuja na picha ya bafu la Dubai kwenye simu, mfukoni ana hela ya kununulia mbuzi ya kukunia nazi. Unafanya kazi juani, anakuletea chai ya rangi kavu kavu, hata kipande cha muhogo hakuna. Ukimaliza anakuambia subiri mnada wa korosho. Mnada unafika, anakuambia subiri wa pili. Mimi kuna choo Nachingwea nimekifunga, watu wanakitumia kwa raha zao, sijalipwa hata bomba. Siku nitakwenda kukifungua nije nacho.

Kijana wa Rahaleo

Ukikifungua kilete Rahaleo, tutachanga nauli.

Mzee wa Amkosi

Msitutukanie minada hapa. Siku hizi hela ya korosho inaingia benki, na simu inalia. Anayekuambia bado haijaingia, mwambie akuonyeshe simu.

Fundi Mnyonge

Mzee, alinionyesha simu. Ilikuwa imezima.

Shemeji wa Ligula

Samahani wakuu, nawarudisha nyuma kidogo. Bibie, hivyo vigae vyako vya ukutani ni vya rangi gani?

Bibie wa Chuno

Vya maziwa, vina ua la bluu pembeni. Kwani vipi?

Shemeji wa Ligula

Dah.

Bibie wa Chuno

Dah nini?

Shemeji wa Ligula

Yule bwana kanibandikia baraza wiki hii. Akasema vigae vimebaki kwa mteja mmoja mwenye roho nzuri, hataki kuvirudisha dukani. Kanipa kwa bei ya kutupa.

Mhasibu wa Chikongola

Maboksi mangapi?

Shemeji wa Ligula

Nina jungu jikoni, nitarudi.

Kangomba Mstaafu

HAHAHAHA. Nafuta niliyosema, hii siyo chai, hiki ni chakula kamili.

Bibie wa Chuno

Shemeji nakuja Ligula sasa hivi. Na mama mkwe nakuja naye, ameshavaa viatu.

Mjomba Pimamaji

Ngojeni kwanza. Vigae vya ukutani umebandika chini barazani? Vile ni vyepesi, havibebi uzito. Mtu akiburuta kiti vitapasuka.

Shemeji wa Ligula

Vimeshapasuka viwili. Nikampigia, akasema vinapumua.

Ming'oko Mibichi

Jamani huyu mtu anatunga wapi? Maji yanazoea, vigae vinapumua. Mimi namtafuta anijengee nyumba nzima nimsikilize tu.

Wa Newala Juu

Mtamsema weee, lakini msimu ukifunguka mtapanga foleni kijiweni kwake. Nani mwingine anakuja siku ile ile ukimpigia?

Bibie wa Chuno

Mimi sitapanga! Nimetoka kudeki sasa hivi, nimepita tena mlangoni pale, nimelisikia neno lile masikioni. Yatazoea. Eti bafu geni!

Dada wa Mitwero

Tumekusikia mwaya. Ukifika Ligula, nenda mpaka feri uniulizie pweza wanauzwaje.

Bibie wa Chuno

Naenda kudai vigae vyangu, pweza wa nini?

Dada wa Mitwero

Si uko njiani? Ingawa pweza wenu wa Mtwara mnamchemsha hovyo, anatafunwa kwa zamu.

Mzee wa Amkosi

Sema lingine lolote, pweza wa Mtwara usimguse.

Kijana wa Rahaleo

Kwa pweza mzee nakuunga mkono. Lindi walijulia wapi pweza?

Dada wa Mitwero

Lindi tunampigapiga kwanza kabla hajaona sufuria. Ninyi mnamtupia mzima mzima.

Fundi Mnyonge

Anapigwa kwa nini, mchi?

Mzee wa Amkosi

Jiwe.

Dada wa Mitwero

Jiwe tena? Mchi! Wewe mzee nani kakufundisha kupika?