Wamemwandikia mama mkwe wangu "njoo mzungumze faragha" saa nane usiku, halafu wananijibu FARAGHA YAKO NI MUHIMU KWETU???

Tochi Mbovu (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Mnamjua. Simtaji, maana wanasheria wake ni wengi kuliko nywele zangu, na hata nikimtaja hakuna mtakachojifunza kipya. Yule mwenye programu ya ujumbe yenye kialama cha tabasamu. Yule anayeuliza "Ungependa tukuhudumie vizuri zaidi?" halafu anakupa vitufe viwili: KUBALI, kikubwa kama mlango wa ghala, na "labda baadaye", kadogo ka kijivu kamejibanza pembeni kama mtoto aliyevunja kikombe. Hapana haipo. Hapana ilishazikwa, arobaini yake imepita.

Jana usiku limekuja sasisho. Nikabonyeza Kubali. Tangu nianze kumiliki simu nabonyeza Kubali na sijawahi kufa. Nikalala.

Saa nane usiku Bwana Tabasamu kaamka. Kafungua orodha yangu ya majina, kapita mmoja mmoja kama mgawa barua: fundi bomba, bosi, mwenye nyumba ambaye nimemkimbia wiki tatu, mtu niliyemhifadhi kwa jina la USIPOKEE, mpaka namba ya huduma ya benki. Kila mmoja kamtumia ujumbe wenye jina langu na picha yangu, ile ya kifua wazi niliyopiga nikiwa na mwili: "Anakukumbuka! Njoo mzungumze faragha."

Hao wote nawameza. USIPOKEE kanipigia mara kumi na moja, namwachia Mungu. Lakini MAMA MKWE, wakuu. Saa nane usiku. Mama wa watu kalala, simu inalia, anapapasa miwani, anakutana na kifua cha mkwewe. Anakukumbuka. Njoo mzungumze faragha.

Na kajibu. Angenyamaza ningepona. Kajibu saa nane na dakika nne, maana yake kakaa dakika nne nzima gizani anautazama ule ujumbe: "Nimeuona baba. Faragha ya nini tena? Mwenzio yuko wapi?"

Mwenzangu alikuwa pembeni yangu anakoroma. Sasa hivi hakoromi wala haongei. Anafua tu, na nguo zilizofuliwa jana anazifua tena.

Asubuhi nikawaandikia hao watu aya sita. Jibu likaja kabla sijashusha kidole: "Mpendwa mteja, faragha yako ni muhimu kwetu. Je, jibu hili limekusaidia?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Ndiyo Sana.

Serikali ziko wapi? Kila siku mikutano, wanajadili roboti zitakazokuja kuitawala dunia. Roboti imeshafika jamani, iko kwa mama mkwe wangu.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Dakika NNE.

---

Kinyonga wa Jioni

Uzi bila picha ni porojo. Tupia hiyo ya kifua wazi tutoe hukumu ya haki.

---

Mpiga Mluzi

Nimeshuka kwenye gari nimekaa kwenye kituo nasoma. Watu wananiangalia navyocheka peke yangu. "Faragha ya nini tena" 😂😂 Huyo mama apewe wizara.

---

Bi Kauzu

Swali moja tu. Nani alikushika kidole ukabonyeza Kubali?

---

Tochi Mbovu

Bi Kauzu, nilijua utakuja. Nikwambie kitu: yale masharti yana kurasa arobaini na saba. Nimeyafungua leo kwa mara ya kwanza maishani. Ukurasa wa pili wanasema "sisi", ukurasa wa tatu "sisi na washirika wetu", kufika wa tisa washirika wana washirika. Nikafunga. Nikifikiria dakika nne za yule mama natamani ardhi ipasuke.

---

Karani Mstaafu

Mleta uzi pole. Bi Kauzu naye ana haki ya kuuliza, ila kidogo tu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipiga hesabu: Mmarekani mmoja akisoma sera za faragha za tovuti zote anazotembelea kwa mwaka, zitamla saa kama 244. Hiyo ni 2008, simu janja bado changa. Mtu asiyesoma masharti simuiti mzembe, ana kazi na watoto.

Lakini naona wote mnapita pembeni ya jambo lenyewe. Kubali ya mleta uzi ni yake. Mama mkwe alikubali wapi? Namba ni ya mama, usingizi ni wa mama. Wewe huna mamlaka ya kumkubalia mama mkwe wako kitu chochote, hata chai. Orodha ya majina ndiyo mali pekee ndani ya simu ambayo si ya mwenye simu, na ndiyo ya kwanza kuombwa.

Na kuna waliokwishalipia hili. LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, walishtakiwa Marekani kwa kutuma barua pepe za mialiko na za kukumbushia kwa majina ya wateja wao, na mwaka 2015 wakakubali kutoa dola milioni 13 kuimaliza kesi. Ulaya wana GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na inasema wazi kwamba kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Oktoba 2019 mahakama yao ya juu ikaongeza kwamba kisanduku kilichowekewa alama ya vyema tayari si ridhaa. Sasa mlango wa ghala na kale kadogo ka kijivu mnavionaje?

---

Bi Kauzu

Karani umeandika vizuri ila bado sijajibiwa habari ya kidole.

---

Gogo la Mvule

Hiyo GDPR mnayoisifia ndiyo iliyotuletea yale mabango ya vidakuzi, vile vijifaili ambavyo tovuti zinaweka kwenye simu yako kukukumbuka. Nataka kusoma habari ya mpira, mistari miwili tu, bango linaziba skrini nzima: tunatumia vidakuzi, chagua. Ukitaka kukataa unapelekwa chumba cha pili, huko kuna swichi mia mbili, moja moja. Nimezima swichi mpaka mpira umekwisha.

---

Karani Mstaafu

Gogo, mabango yanatoka kwenye agizo jingine la Ulaya la mwaka 2002, lililorekebishwa 2009. GDPR ilikaza masharti ya ridhaa tu. Na zile swichi mia mbili hakuna sheria iliyoziagiza, zimewekwa na wenye tovuti ili uchoke ukubali.

---

Gogo la Mvule

Agizo lolote. Nilikosa goli.

---

Sikio la Kufa

Mimi yangu inazidi ya mleta uzi. Nilikuwa naongea na mke wangu, KWA MDOMO, simu iko mezani imelala kifudifudi, kwamba godoro limechoka. Kesho yake: magodoro. Keshokutwa: magodoro na mito. Wiki ya pili: "Je, unasumbuliwa na mgongo?" Naam nasumbuliwa, lakini nyie nani kawaambia?

---

Nywila123

Simu haihitaji kukusikiliza mkuu. Mkeo alishatafuta magodoro kwenye simu yake, mnatumia intaneti moja, mnalala mahali pamoja. Hesabu inajifanya yenyewe. Kwangu hilo ndilo la kutisha, kwamba hata masikio hawayahitaji.

---

Sikio la Kufa

Mke wangu anasema hajatafuta godoro lolote.

---

Mpiga Mluzi

Basi hapo mkuu tatizo lako si la faragha, anatafuta vingine.

---

Sikio la Kufa

Mluzi, tuheshimiane.

---

Tochi Mbovu

Wakuu tusitoke kwenye mada. Bosi leo kaniita ofisini. Kaniuliza, "Unanikumbuka kwa lipi?" Nikakosa jibu. Nimefanya naye kazi miaka sita.

---

Ngao ya Taifa

Nyie mnalialia mambo ya kitoto. Serikali zikitaka kudhibiti hawa watu mnasema udikteta. Zisipodhibiti mnauliza serikali iko wapi. Mimi nasema kila programu isajiliwe na kila ujumbe uwe na mlango wa dharura ambao vyombo vya usalama vinaweza kuingilia. Asiye na cha kuficha anaogopa nini?

---

Nywila123

Haya, Ngao, tupia jumbe zako kumi za mwisho hapa jukwaani. Huna cha kuficha.

---

Ngao ya Taifa

Nazungumzia vyombo halali, sizungumzii wewe.

---

Nywila123

Mlango hauchagui wa kumpitisha. Marekani mwaka 1994 walitunga sheria inayozilazimisha kampuni za simu kuacha njia ya kusikiliza mazungumzo kwa amri ya mahakama. Miaka thelathini baadaye, 2024, ikaripotiwa kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia ndani ya kampuni hizo mpaka kwenye mifumo hiyohiyo ya kusikilizia. Mwezi wa kumi na mbili maofisa wa Marekani wale wale wakaanza kuwashauri watu watumie programu zenye usimbaji fiche, yaani ujumbe unafungwa asiweze kuusoma mwingine njiani. Mlinzi anayakimbia makufuli yake mwenyewe.

---

Ngao ya Taifa

Unatetea wahalifu.

---

Nywila123

Natetea mama mkwe wa mtu.

---

Bi Kauzu

Mama mkwe kajitetea mwenyewe kwa maneno machache kuliko nyote humu.

---

Kinyonga wa Jioni

Picha bado.

---

Rimoti Imepotea

Simu mnazilaumu bure, adui mkubwa ni televisheni. Mnakumbuka Vizio? Mwaka 2017 walikubali kulipa dola milioni 2.2 Marekani kwa sababu televisheni zao zilikuwa zinarekodi kila unachotazama na taarifa zinauzwa. Televisheni milioni 11. Mtu umeinunua kwa jasho lako unadhani unaitazama, kumbe mnatazamana.

Yangu ina kitu inaniuliza kila nikiwasha, "Nani anatazama?" Nilikuwa nachagua Baba. Siku hizi nachagua Mgeni.

---

Gogo la Mvule

Yangu ilijisasisha katikati ya penalti. Asilimia 3. Asilimia 3. Asilimia 3. Nikasikia majirani wanashangilia.

---

Rimoti Imepotea

Gogo wewe na mpira mna nuksi.

---

Mvuvi wa Nyuzi

Kuna anayejua kuzima hilo jambo la kurekodi unachotazama? Yangu nimeingia mipangilio nimekuta kumeandikwa "Uzoefu ulioboreshwa", sijui ndiyo hiyo.

---

Rimoti Imepotea

Ndiyo hiyo. Ukiona neno "ulioboreshwa" jua wewe ndiye unayeboreshewa wengine. Zima. Na usipounganisha televisheni na intaneti kabisa, haina pa kupeleka umbea.

---

Mvuvi wa Nyuzi

Nimezima. Imeniuliza mara tatu kama nina uhakika. Kuwasha haikuwahi kuniuliza.

---

Karani Mstaafu

Kwa mleta uzi, kama bado yupo. Ingia mipangilio ya simu, tafuta ruhusa, futa ruhusa ya majina kwa kila programu isiyopiga simu. Kwenye iPhone, kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024, unaweza kuipa programu majina machache uliyochagua badala ya orodha nzima. Haitarudisha kilichokwenda, ila kesho itapunguza aibu. Na uwaandikie rasmi wafute taarifa zako, kwa maandishi, uhifadhi tarehe. Nchi nyingi sasa zina mamlaka ya kupokea malalamiko ya namna hii, na mamlaka hupenda tarehe kuliko machozi.

---

Tochi Mbovu

Asante mzee wangu. Nimewaandikia wafute. Wamejibu kwamba ili wathibitishe ni mimi kweli nitume picha ya kitambulisho, picha ya uso wangu nikigeuka kulia na kushoto, na namba za watu wawili wanaonifahamu.

---

Mpiga Mluzi

Watumie ya bosi na ya USIPOKEE 😂😂😂

---

Ngao ya Taifa

Utaratibu ni utaratibu.

---

Sikio la Kufa

Wakuu nimerudi. Nimeangalia simu ya mke wangu kwa ruhusa yake. Kweli alitafuta. Si godoro lakini. Alitafuta "mume anayekoroma dawa". Naombeni uzi wangu tofauti.

---

Bi Kauzu

Fungua, nitakuja.

---

Gogo la Mvule

Mvuvi, ukishazima hiyo ya kuboreshewa picha haikwami? Nina mechi Jumamosi.

---

Mvuvi wa Nyuzi

Mpaka sasa haijakwama.

---

Tochi Mbovu

WAKUU. Mama mkwe kajiunga. Bwana Tabasamu kaniletea taarifa sasa hivi: "Habari njema! Mtu unayemfahamu yuko hapa. Mwambie hujambo!" Kaweka picha ya kilemba cha harusi yetu. Na kaanza kuniandikia, naona vile vidoti vitatu vinachezacheza, vina dakika sasa. Ya pili hii. Nijibu nini? Nitangulize shikamoo au nizime simu?

---

Rimoti Imepotea

Mkuu subiri kidogo tunamalizia ya televisheni. Gogo, yako ni ya mwaka gani?

---

Tochi Mbovu

Dakika ya tatu.

---

Gogo la Mvule

Ya 2019. Ina kitufe cha pembeni kimezama.

---

Kinyonga wa Jioni

Kwa hiyo picha hakuna?