Kuunda kompyuta mwenyewe au kununua iliyotumika?

Swali: Wakuu, nahitaji mashine ya kuhariri video za 1080p. Nichukue Dell OptiPlex (kompyuta ya mezani ya ofisini) iliyotumika au niunde mwenyewe?

Jibu 1: OptiPlex inafaa mkuu, ila fungua kasha uangalie pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani. Nyingi zina plagi za Dell wenyewe, hivyo pawasaplai ya kawaida ya ATX (muundo wa kompyuta nyingi za kuunda) haiingii. Tafuta kadi ya picha isiyotaka waya wa ziada wa umeme. Sloti ya PCIe, pale inapochomekwa kadi hiyo, inatoa wati 75 tu, kwa hiyo kadi isizidi hapo.

Jibu 2: Mimi ningeunda. RAM (kumbukumbu ya muda) weka vijiti viwili vya GB 8, kwenye ubao wa sloti nne tumia ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, angalia waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8, husahaulika sana. Halafu ukichagua prosesa ya Ryzen 5 5600, haitoi picha bila kadi ya picha.

Muulizaji: Asanteni sana. Naanza na pawasaplai.